Ahadi na Taslimu: Ujima wa Upareni, New Orleans na Puerto Rico

Ukifika msibani Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, ukishasalimia na kutoa pole, utamwona mtu amekaa pembeni ya turubai na daftari mapajani. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: jina, ahadi, taslimu. Aliyetoa elfu mbili anaandikwa, aliyetoa laki anaandikwa, na aliyeleta sukari kilo tano naye anaandikwa. Mgeni anaweza kuona ukavu hapo: inakuwaje huyu analia na yule anahesabu? Mwenyeji anajua kwamba kuhesabu ni namna mojawapo ya kulia. Kesho msiba utabisha hodi kwingine, daftari litafunguliwa, na aliyezika wenzake naye atapata wa kumzika.

Natumia daftari hilo kupimia mila tatu za kusaidiana: ya kwetu Afrika Mashariki, ya Wamarekani weusi, na ya Wapuerto Rico. Zote tatu zimezaliwa na shida, zote zimekutana na mafuriko, ukame au kimbunga, na zote zinajua kwamba mtu aliyeshiba bado anaweza kuwa mgonjwa wa huzuni. Zinapoachana ni kwenye swali moja: ukishaandika nani kachanga, je, unamwandika pia asiyechanga ilhali anadaiwa?

Tuanze na neno lenyewe. Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na ujima kwenye somo la historia, kama hatua ya kwanza ya maendeleo ya binadamu. Anafundishwa kwamba ulikuwapo ujima, ukaja ukabaila, ukaja ubepari. Anajibu swali la mtihani na kufunga kitabu, ujima ukibaki nyuma pamoja na zana za mawe. Mwaka 1966, huko Los Angeles, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts, Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa na kuipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili. Ujima ni msingi wa tatu, na siku yake ni tarehe 28 Desemba. Tangu hapo Wamarekani weusi wamelipa neno hilo kazi ambayo sisi tuliacha kulipa. Mjini Boston upo mradi uitwao Boston Ujima Project, ambao wanachama wake hupiga kura kuamua biashara zipi za mitaa yao zipewe mtaji. Kwetu ujima uko kwenye wakati uliopita. Kwao uko kwenye wakati ujao.

Lakini tusijidharau. Kama ujima ungekuwa umekufa kwetu, milima ya Upare ingekuwa kame zaidi. Wapare wana ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Ndiva haijengwi na mtu mmoja, wala haizibuliwi tope na mtu mmoja. Hiyo ni kazi ya msaragambo: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, na asiyefika bila udhuru anatozwa faini. Mvua zinapopungua, kama zinavyopungua sasa kwenye nyanda kavu za Same, ugomvi wa maji huongezeka, na kanuni za zamu ndizo zinazozuia majirani wasishikiane majembe kwa nia nyingine. Mtaalamu wa leo angeuita mpango huo kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Wapare waliuita kazi.

Watu hao hao wa msaragambo ndio waliosimama dhidi ya mbiru. Mbiru ilikuwa kodi ya kupanda kulingana na mali iliyoletwa na utawala wa Kiingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, na wananchi waliona inakadiriwa kwa upendeleo. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya. Wanawake nao waliingia mapambanoni, na Usangi wakakabiliana na watawala ana kwa ana. Hatimaye kodi hiyo ilifutwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika kisa hicho mwaka 1971, alikiona kuwa upinzani wa wananchi wa kawaida. Mimi naongeza jambo moja: kambi ya maelfu ya watu haiwezi kudumu bila jamii iliyokwisha kujifunza kupangiana zamu na kulishana. Mkono uliozoea kuzibua ndiva ndio uliojua kudai. Kazi na dai vilikuwa kwenye daftari moja.

Nani basi aliyechana ukurasa wa dai? Jibu langu ni dola, ya kikoloni na ya kwetu pia. Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi waliitikia kwa moyo, wakajenga shule na zahanati kwa mikono na senti zao. Polepole harambee ikageuka jukwaa la wanasiasa kupigiwa makofi kwa fedha ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, hadi mwaka 2003 Kenya ikalazimika kutunga sheria ya maadili inayowabana watumishi wa umma kwenye michango hiyo. Tanzania nayo ilihubiri ujamaa wa hiari mwaka 1967, kisha katikati ya miaka ya 1970 ikawahamishia watu vijijini kwa amri. Katika nchi zote mbili serikali ilipenda upande mmoja wa ujima, yaani jasho. Upande wa pili, ule wa kuuliza, iliuita uchochezi.

Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera. Watanzania walichanga rambirambi, kama kawaida yao. Sehemu kubwa ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye majengo ya umma, zikiwamo shule, na wenye nyumba zilizoanguka wakaambiwa wajijengee wenyewe. Ziko hoja za kutetea uamuzi huo, maana shule ni ya wote. Kwa mizani ya msiba, hata hivyo, lilitokea jambo zito: mfiwa hakuulizwa. Daftari lilihama mikono. Kwa haki tuseme pia kwamba baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023, waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100. Dola inaweza kulipa inapotaka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuendelea kuidai.

Sasa tuvuke bahari. Aprili 1787, mjini Philadelphia, watu weusi huru wakiongozwa na Richard Allen na Absalom Jones waliunda Free African Society. Katiba yao ingeeleweka mara moja na mwanachama yeyote wa kikundi cha kuzikana cha Buguruni, Dar es Salaam: kila mmoja atoe shilingi moja ya fedha kwa mwezi, na baada ya mwaka mmoja mwenye shida apewe shilingi tatu na pensi tisa kwa wiki, mradi shida yake haikutokana na uzembe wake. Wajane walitunzwa na yatima walitafutiwa shule au kazi ya kujifunza.

Miaka sita baadaye homa ya manjano iliingia Philadelphia na kuua maelfu. Matajiri walikimbia mji. Watu weusi, walioaminishwa kwamba ugonjwa huo hauwapati, walibaki wakauguza na kuzika, na wengi wao wakafa pia. Homa ilipotulia, mchapishaji mmoja mashuhuri wa mji huo aliwatuhumu baadhi yao kwa kuwalangua wagonjwa na kuwaibia. Allen na Jones walimjibu mwaka 1794 kwa kijitabu, na ndani yake wakachapisha hesabu: walichopokea kwa kazi ya mazishi, walicholipa kwa majeneza na vibarua. Walikuwa wametumia kuliko walivyopokea. Mji ndio uliokuwa ukidaiwa.

Hapo ndipo mila yao inapoachana na yetu. Sisi daftari la msiba hulifungua kwa ndugu na jirani. Wao, tangu mwanzo, walilifungua mbele ya mji mzima. Walikuwa wanaishi chini ya serikali ambayo haikuwahi kuwa yao, kwa hiyo hawakupata hata siku moja ya kuota kwamba ujima na utii ni kitu kimoja. Kusaidiana kwao kulikuwa chakula cha leo na ushahidi wa kesho.

New Orleans ilikuza mila hiyo kwa ngoma. Vyama vya kusaidiana vilitoa matibabu na maziko kwa watu ambao makampuni ya bima yaliwakataa. Baadaye vilijiita vyama vya misaada ya kijamii na starehe, na watu wa huko hawaoni kichekesho katika jina hilo. Mwanachama akifa, bendi ya tarumbeta humsindikiza kwa nyimbo za dini za polepole. Mwili ukishaachwa, ngoma hubadilika: nyimbo huchangamka, watu hucheza na miavuli, na kila aliye barabarani huingia nyuma ya bendi. Kundi hilo la nyuma ndilo linaloitwa second line.

Msomaji wa kwetu ameshamkumbuka mtani. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi huja kuharibu huzuni. Anachukua vyombo akidai ni mali yake, anamwigiza marehemu, anashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Utani ulizaliwa kwenye misafara ya biashara na kwenye vita kati ya watu na watu, kwa hiyo ni dawa iliyotengenezwa kutokana na jeraha lenyewe. Bendi ya New Orleans na mtani wa Uzaramo hawakujifunza mmoja kwa mwingine. Wamefikia elimu moja: huzuni ya mtu mmoja ikiachiwa mtu mmoja humuua, na kumtoa humo ni kazi yenye wataalamu wake. Kuna tofauti ndogo lakini ya maana. Mtani ana jina na kabila, wajibu wake unajulikana kabla ya kifo. Second line ni ya yeyote apitaye. Dawa yetu inahitaji kujuana. Ya kwao hutengeneza kujuana.

Tofauti hiyo ilionekana tarehe 29 Agosti 2005, Kimbunga Katrina kilipofika na kingo za mifereji zikabomoka. Asilimia 80 hivi ya mji ilizama. Zaidi ya watu 1,300 walikufa katika eneo lote lililopigwa, na picha za watu weusi wakiwa juu ya mapaa wakipunga vitambaa ziliiaibisha nchi tajiri kuliko zote. Mtaa wa Algiers, ng'ambo ya mto Mississippi, haukuzama. Hapo Malik Rahim, aliyewahi kuwa mwanachama wa Black Panther, pamoja na wenzake wachache walianzisha Common Ground ndani ya wiki moja hivi ya kimbunga. Kaulimbiu yao ilikuwa mshikamano, si sadaka. Kliniki yao ya kwanza ilifunguliwa ndani ya msikiti, Masjid Bilal, na wauguzi walipita mitaani kwa baiskeli wakipima watu shinikizo la damu na kuuliza habari za usingizi.

Haikuwa pepo. Maelfu ya vijana wa kujitolea walimiminika kutoka majimbo mengine, wengi wao weupe, na ugomvi ukazuka juu ya nani anaongoza na nani amekuja kujiponya mwenyewe kwa shida ya wengine. Ugomvi huo ni wa kujifunzia. Msiba wa kwetu una mwenye msiba, na mgeni hata awe tajiri vipi hukaa alipoonyeshwa. Common Ground ilikuwa na ukarimu wa second line ila ilikosa adabu ya matanga. Mji nao ulipopandisha ada za maandamano ya bendi mwaka 2006, vyama vya zamani viliushtaki, na mwaka uliofuata ada zikashushwa. Walikwenda mahakamani kutetea haki ya kucheza dansi nyuma ya jeneza. Mtu anayedhani uponyaji wa jamii ni jambo laini na atafakari hilo.

Mila ya tatu ni ya kisiwa. Tarehe 20 Septemba 2017 Kimbunga Maria kiliivuka Puerto Rico na kuzima umeme kote. Nyumba za mwisho zilirudishiwa umeme baada ya miezi kumi na moja hivi. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani wasiompigia kura rais wa Marekani, na kabla ya upepo kuja walikuwa tayari wamebanwa na madeni ya serikali yao yaliyopita dola bilioni 70. Mlimani Adjuntas, jumba moja lilikuwa na taa usiku huo. Lilikuwa jumba la Casa Pueblo, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1980 kupinga machimbo ya shaba, iliyoweka paneli za jua tangu mwaka 1999. Watu walipanda mlima kuja kuchaji simu na kuwasha mashine za kupumulia. Jamii iliyokuwa imedai kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa na taa.

Mahali pengine, kama Caguas na kijiji cha Mariana huko Humacao, vilizaliwa vituo vya kusaidiana. Mtu alikula, naye akaosha sahani, au alileta viazi, au alihudumu siku moja. Hakuna aliyehojiwa umaskini wake. Caguas walitoa pia akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba, kwa watu waliokosa usingizi. Dawa hiyo ina historia ndani ya mila hii. Julai 1970 vijana wa Kipuerto Rico wa chama cha Young Lords waliikalia hospitali ya Lincoln, South Bronx, mjini New York, wakidai huduma ya kibinadamu. Miezi michache baadaye hospitalini humo ulianza mpango wa wananchi wa kutibu uraibu wa heroini, na sindano za sikioni zikawa sehemu ya tiba yake. Waliivamia hospitali, wakageuka wauguzi.

Ila tendo kubwa la daftari kisiwani lilihusu wafu. Kwa miezi mingi serikali ilishikilia kwamba Maria iliua watu 64. Kila familia iliyozika mzee aliyekosa oksijeni au mgonjwa aliyekosa dayalisisi ilijua kwamba idadi hiyo ni uongo. Mwanzoni mwa Juni 2018 watu walianza kuleta viatu mbele ya jengo la bunge, San Juan: viatu vya baba, vya bibi, vya mtoto, vingine vikiwa na majina kwenye karatasi. Vikawa maelfu ya jozi. Agosti mwaka huo serikali ilikubali idadi mpya, 2,975, iliyotokana na utafiti wa chuo kikuu. Pale uwanjani kuomboleza na kuhesabu vilikuwa kitendo kimoja, kama ilivyo chini ya turubai letu, isipokuwa kwamba safari hii mweka daftari alikuwa anamwonyesha kidole mdaiwa.

Je, kwetu ukurasa uliochanwa unaweza kushonwa? Mathare, Nairobi, unashonwa. Wanaharakati wa Mathare Social Justice Centre walitoa mwaka 2017 ripoti ya vijana waliouawa na polisi. Kutoka mtaa huo huo ikazaliwa Mathare Green Movement, inayopanda miti kwa kumbukumbu ya waliouawa. Mti mmoja unafanya kazi tatu: unatia kivuli mahali pa mabati na joto, unampa mama mahali pa kukaa na mwanawe, na unasimama kama shahidi asiyehongeka. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoizoa mitaa ya kandokando ya mto, na serikali ikafuata kwa kubomoa nyumba zilizosalia huku ikiahidi shilingi 10,000 kwa kaya, watu waliokwisha kuhesabu wafu wao walijua pia kuhesabu ahadi. Miezi miwili baadaye Wakenya walichanga kwa simu mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi wa maandamano ya kupinga muswada wa fedha, na baada ya malalamiko ya vijana rais akatangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee. Harambee ilianza kurudi kwa wenyewe.

Mila zote tatu zina deni moja la ndani ambalo hazijalilipa. Anayepika nyuma ya nyumba haandikwi. Msibani kwetu, kwenye jiko la Mariana, kwenye chai ya asubuhi ya watoto wa shule iliyoanzishwa na Black Panther mjini Oakland mwaka 1969, masufuria yalikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, na uchovu wao haukuingia kwenye safu yoyote. Vilevile upatu humwacha nje asiye na cha kuanzia. Ujima usiojikagua hugeuka mzigo wa maskini kubebana huku waliowaelemeza wakipiga picha.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika adabu ya msiba, katika utani, katika zamu ya maji, Afrika Mashariki haina cha kuomba kwa mtu. Tuna cha kufundisha. Tulichopoteza ni ukurasa wa mwisho, na tulikuwa nao mwaka 1945. Tabianchi inatulazimisha kuurudisha, kwa sababu safari hii msiba una mwenyewe na una msababishaji. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Mfuko wa Hasara na Uharibifu ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuzinduliwa Dubai mwaka uliofuata. Siku ya uzinduzi Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi dola milioni 100 kila moja, na Marekani dola milioni 17.5. Machi 2025 Marekani ilijitoa kwenye bodi ya mfuko huo. Jumla ya ahadi za dunia yote ilikuwa haijafika dola bilioni 1, na zilizolipwa zilikuwa pungufu ya hapo.

Mweka daftari yeyote wa Buguruni anajua namna ya kuandika hayo. Jina upande wa kushoto. Kiasi kwenye safu ya ahadi. Kwenye safu ya taslimu anaacha wazi, halafu anapitisha daftari kwa watu wote waliokaa chini ya turubai, wasome.